Gemu Isiyo na Mwisho Mikononi mwa Mtoto



Siku hizi si ajabu kumkuta mtoto wa miaka mitatu ametulia kwenye benchi la kliniki, kichwa ameinamisha, kidole kikiteleza juu ya kioo cha simu ya mama yake. Foleni inasogea bila kilio, na mama anapata nafasi ya kupumua. Hatumlaumu. Lakini wazazi wengi hutuuliza: Je, gemu hizi zina madhara? Na je, si afadhali kumnunulia mtoto mashine yake ndogo ya michezo kuliko kumwachia simu?

Ili kujibu vizuri, hatuna budi kueleza kwanza jinsi simu na vishikwambi vilivyoshindana na mashine hizo. Kutokana na mashindano hayo tutaona wazi ni kitu gani hasa kinachomdhuru mtoto.

Mashine ndogo za michezo

Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine iitwayo Game Boy. Ilishikwa kwa mikono miwili na kutumia betri nne ndogo. Kioo chake kilikuwa cha rangi ya kijani iliyofifia, wala hakikuwa na mwanga wake chenyewe. Aliyetaka kucheza usiku alilazimika kukaa karibu na taa. Kila mchezo uliuzwa katika kaseti yake. Mzazi alilipa mara moja dukani, basi.

Mashine hiyo, pamoja na ile ya rangi iliyoifuata, iliuzwa zaidi ya milioni 118 duniani. Mwaka 2004 ikaja Nintendo DS, ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 154. Mwaka huohuo kampuni ya Sony ilitoa mashine yake, PSP. Wakati huo ilionekana kwamba hakuna wa kuzitikisa.

Huku kwetu mashine hizo zilikuwa adimu. Gemu ambayo wengi wetu tuliishika kwanza ni ile ya nyoka katika simu ya Nokia, iliyoanza na simu ya Nokia 6110 mwaka 1997. Nyoka alikula, akarefuka, akajigonga, mchezo ukaisha, nasi tukarudi kazini.

Simu yaingia mashindanoni

Mwaka 2007 kampuni ya Apple ya Marekani ilileta simu ya iPhone, na mwaka 2008 ikafungua duka la programu ndani ya simu hiyo. Mwaka 2010 ikatoa kishikwambi cha iPad. Gemu zikaanza kupatikana kwa bei ndogo sana, na nyingine bure kabisa.

Pigo lilionekana upesi. Mwezi Februari 2011 Nintendo iliuza mashine mpya, 3DS, kwa yeni 25,000 huko Japani. Wanunuzi walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, hata ikabidi mwezi Agosti bei ishushwe hadi yeni 15,000. Rais wa kampuni, Satoru Iwata, alijikata nusu ya mshahara wake. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2012, kampuni ilipata hasara ya yeni bilioni 43. Sony nayo ilitoa mashine ya PS Vita mwishoni mwa 2011, lakini haikufua dafu, na mwaka 2019 ikaacha kuitengeneza.

Hata hivyo mashine za mkononi hazikufa. 3DS ilijikongoja hadi ikauzwa zaidi ya milioni 75. Mwaka 2017 Nintendo ilitoa Switch, inayochezwa mkononi au kwa kuunganishwa na televisheni, na kufikia mwaka 2025 ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 150. Lakini ukihesabu watu wanaocheza duniani, simu ndiyo iliyoshinda. Haikushinda kwa kuwa na gemu bora. Imeshinda kwa kuwa tayari imo nyumbani. Mtu hainunui kwa ajili ya kucheza.

Je, gemu ya bure inalipwa na nani?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwenye kuuza kaseti alipata fedha yake siku ya kuuza. Mtoto akicheza saa moja au saa kumi, kwake ilikuwa mamoja. Lakini mwenye gemu ya bure hupata fedha mtoto anapotazama matangazo, au anaponunua vitu ndani ya mchezo. Kwa hiyo anahitaji mtoto abaki, na kesho arudi.

Tuchukue mfano wa Candy Crush Saga, iliyoingia katika simu mwaka 2012. Mchezaji hupewa “uhai” tano. Zikimwishia, sharti angoje nusu saa ili apate mmoja, au atoe fedha asingoje. Kungoja kwenyewe ndiko biashara. Gemu nyingine humpa mtoto zawadi kila siku anapofungua, naye akikosa siku moja anajiona amepoteza. Nyingine huuza visanduku vya bahati nasibu ambavyo mnunuzi hajui vina nini. Mwaka 2012 serikali ya Japani ilitamka kwamba aina mojawapo ya bahati nasibu hizo ni kinyume cha sheria.

Huko Marekani watoto walinunua vitu katika gemu bila wazazi wao kujua, hata Januari 2014 kampuni ya Apple ikakubali kurudisha kwa wateja si chini ya dola milioni 32.5.

Zamani uzio ulikuwa ndani ya mashine yenyewe: betri zilikwisha, giza liliingia, kaseti ilimalizika. Katika simu uzio huo umeondolewa. Hii ndiyo tofauti kubwa kwa afya ya mtoto. Lakini tusidanganyike kwamba kununua mashine ya kisasa kunatosha kumkinga: nayo ina kioo chenye mwanga, huchajiwa kama simu, na ina duka lake ndani ya intaneti. Dawa ni kurudisha uzio, kifaa kiwe chochote.

Mwili unavyoathirika

Macho. Mtoto anayekazia macho kioo hupepesa kope mara chache. Macho hukauka, huwasha na kuwa mekundu. Kutazama vitu vya karibu kwa muda mrefu na kukosa mwanga wa jua huchangia tatizo la kutoona mbali. Kioo cha simu ni kidogo, na mtoto hukisogeza karibu na uso. Huko Taiwan, mwaka 2010 shule zilianza kuhimizwa kuwatoa watoto nje jumla ya dakika 120 kila siku. Wanafunzi wa shule za msingi wenye uoni hafifu, ambao walikuwa wakiongezeka na kufikia asilimia 50 mwaka 2011, walipungua hadi asilimia 46 mwaka 2015.

Mikono na shingo. Mwaka 1990 daktari mmoja wa Marekani aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine juu ya mwanamke wa miaka 35 aliyecheza gemu ya Nintendo saa tano mfululizo, akapata maumivu makali ya kidole gumba. Kano za kidole huchoka kwa kubonyeza kulekule. Kwa simu, shingo nayo huumia kwa kuinama.

Usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12; kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mwanga wa kioo usiku huchelewesha mwili kujiandaa kulala, na msisimko wa mchezo huufukuza usingizi. Mtoto anayesinzia darasani huenda si mvivu wala si mgonjwa. Muulizeni simu ililala wapi.

Kifafa. Gemu haimpi kila mtoto kifafa. Lakini wapo wachache ambao mwanga wa kuwaka na kuzimika haraka huwaletea degedege. Mtoto akipatwa na hali hiyo, azuiwe kucheza na aletwe hospitali.

Mazoea yanapogeuka ugonjwa

Shirika la Afya Duniani limeingiza ugonjwa wa michezo ya kompyuta katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Si kila anayependa gemu ni mgonjwa. Dalili ni tatu: mtu anashindwa kujizuia, mchezo unatangulia chakula, masomo na watu, naye anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 hivi, ingawa ikiwa kali huweza kutambuliwa mapema. Mgonjwa wa namna hii hafai kupigwa wala kuchekwa. Anahitaji msaada, kama mgonjwa mwingine yeyote.

Tusiogope kupita kiasi pia. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu gemu moja ya kishikwambi, EndeavorRx, itolewe kwa cheti cha daktari kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye shida ya kutulia. Gemu si sumu. Tatizo ni kipimo.

Ushauri kwa wazazi na walezi

1. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe kioo kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Hivi ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri tangu 2019.

2. Pangeni muda kabla mchezo haujaanza, si katikati. Mwambieni mtoto, “Raundi mbili, kisha unanirudishia.” Mtoto huona uchungu mdogo akijua mwisho uko wapi.

3. Chagueni gemu zenye mwisho, zisizo na matangazo wala mauzo, na zinazochezeka bila intaneti.

4. Wekeni neno la siri kwa kila malipo, na namba ya siri ya fedha za simu mtoto asiijue. Simu nyingi za kisasa, na hata mashine ya Switch, zina sehemu ya mzazi kuweka kikomo cha muda. Usipoijua, mwombe kijana mkubwa akuonyeshe.

5. Kila dakika 20 mtoto atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, anyooshe vidole na shingo.

6. Simu zote zilale nje ya chumba cha watoto, na zizimwe saa moja kabla ya kulala. Ya baba na ya mama pia.

7. Kila siku mtoto acheze nje kwa miguu yake: mpira, rede, kamba, kukimbizana.

8. Usitumie simu kama dawa ya kila kilio. Mtoto anayelia huenda ana njaa, homa au usingizi, na simu itaificha dalili hiyo tusiione mapema.

Ukiona mtoto anaumwa kichwa mara kwa mara, anakodoa macho kutazama ubao, ana ganzi vidoleni, au anakuwa mkali kupita kiasi anaponyang'anywa simu, mlete kliniki. Tutampima macho na kuzungumza naye, nawe pia. Wala usione haya kuja. Hayo ni mambo tunayoyasikia kila wiki.