Tarehe ya Mwisho ya Kifaa: Mfumo Endeshi na Simu Janja katika Ofisi za Tunduma

Tangu Kituo cha Pamoja cha Huduma za Mpakani cha Tunduma, Tanzania, na Nakonde, Zambia, kilipozinduliwa mwaka 2019, kazi ya wakala wa forodha katika mji wa Tunduma, mkoani Songwe, imezidi kuhamia kwenye kioo: nyaraka za shaba inayotoka Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam hupitishwa katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa kompyuta, huku mawasiliano na madereva pamoja na malipo madogo ya kila siku yakifanyika kwa simu. Ofisi yenye kompyuta iliyozeeka na simu iliyozeeka, lakini yenye fedha za kubadilisha kimoja tu, inahitaji kipimo cha kuamulia, na kipimo kinachofaa kuliko bei au uzuri wa kamera ni tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kukilinda kifaa husika.

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia vipuri vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, haupotezi usalama wake kwa kuchakaa bali kwa kuachwa na aliyeutengeneza. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, iliachwa hivyo Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kuipatia kwa kawaida viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kila mwezi yanayoziba mianya ambayo wavamizi hupenyea. Kompyuta yenyewe huendelea kuwaka na kuchapa kama zamani, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa hakuna dalili inayomshtua mtumiaji. Isitoshe, Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi zinazofanana, hivyo kiraka kinachotolewa kwa mfumo mpya humwonyesha mvamizi mahali pa kutafuta mwanya uleule katika mfumo wa zamani, ambako hautazibwa. Mei 2017, WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fedha ili kuyafungua, iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ilhali kiraka cha kuizuia kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo. Kwa wakala anayehifadhi nakala za pasipoti na ankara za wateja, jambo hili si lake peke yake, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Kama kompyuta inaweza kupandishwa hadi Windows 11 hujulikana kwa kusoma jina la prosesa, yaani kipande kinachofanya mahesabu yote ya mashine, ambalo huonekana katika mipangilio ya mfumo. Kwenye HP EliteBook 840 G3, miongoni mwa kompyuta za mtumba zilizoenea Afrika Mashariki, mara nyingi huandikwa Intel Core i5-6300U. Tarakimu 6 iliyo baada ya kistari ni kizazi cha prosesa hiyo, na kwa Intel, ukiacha mifano michache, Windows 11 hupokea kizazi cha 8 na vinavyofuata. Penye i5-8250U, kwa hiyo, mlango uko wazi, mradi kuwe pia na TPM 2.0, yaani sehemu inayotunza funguo za siri za mashine, RAM, yaani kumbukumbu ya muda, isiyopungua GB 4 na hifadhi isiyopungua GB 64. Fundi anaweza kupiga Windows 11 kwenye mashine isiyokidhi vigezo kwa kuruka ukaguzi huo, lakini Microsoft haiihakikishii mashine hiyo masasisho, na ofisi inayolipia kazi hiyo hubaki na jina jipya bila ulinzi wa uhakika.

Mashine isiyopanda bado ina njia. Mtumiaji binafsi anaweza kujiandikisha kupata viraka vya ziada vya Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 au bila malipo iwapo atahifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Kampuni hutozwa dola 61 kwa kila kompyuta katika mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka. Njia nyingine ni Linux Mint, mfumo wa bure ambao toleo lake la 22 litapata viraka hadi mwaka 2029, na ambao huitosha ofisi inayofanyia kazi zake nyingi kwenye kivinjari, ingawa printa na programu za uhasibu zijaribiwe kwanza, na mafaili yote yanakiliwe kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote.

Simu haina unafuu huo. Sehemu ya mipangilio inayoitwa Kuhusu simu huonyesha tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama, na ikiwa tarehe hiyo imepita kwa zaidi ya mwaka mmoja, ni nadra mmiliki kuwa na la kufanya. Ahadi za watengenezaji hutofautiana mno: Samsung iliahidi miaka 6 ya viraka kwa Galaxy A16 ya mwaka 2024, ilhali simu nyingi za bei ya chini hupewa miaka miwili au hazisemi lolote, na muda huo huhesabiwa tangu toleo lilipoingia sokoni, si tangu siku ya kununua. Anayenunua mpakani, upande wowote ule, abonyeze *#06# kabla ya kulipa ili apate IMEI, namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu, kisha aitume kwenda 15090 ili aone kama inalingana na kifaa alichokishika, kwa kuwa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizizima simu bandia nchini kote. Laini mbili ni za lazima kwa anayefanya biashara Tunduma na Nakonde. 5G inaweza kusubiri.

Kwa kuwa simu ndiyo inayobeba pochi ya M-Pesa au Airtel Money na kupokea namba za siri za mara moja zinazofungua akaunti nyingine, na kwa kuwa kompyuta inaweza kuokolewa kwa gharama ndogo, ofisi yenye fedha za kifaa kimoja, ambayo simu yake haipati tena viraka, inunue simu kwanza na kuilinda kompyuta kwa mojawapo ya njia zilizotajwa hadi fedha nyingine zitakapopatikana.