Uchaguzi wa Mchujo na Mipaka ya Mageuzi ya Kisiasa nchini Marekani, 1903–1944

Utangulizi

Kuanzia miaka ya 1890 hadi takribani mwaka 1920, Marekani ilipitia kipindi cha mageuzi makubwa ya kisiasa na kijamii. Kukua kwa haraka kwa viwanda, miji na kampuni kubwa kulizua matatizo ambayo sheria za karne ya 19 hazikuweza kuyakabili: ajira ya watoto, vyakula visivyo salama, na serikali za miji na majimbo zilizotiwa mfukoni na wenye mali. Wanamageuzi walijibu kwa kudai sheria mpya. Mwaka 1906 zilipitishwa sheria za shirikisho za usafi wa vyakula, dawa na nyama. Mwaka 1913 Katiba ilirekebishwa ili kuruhusu kodi ya mapato, na pia ili maseneta wachaguliwe na wananchi moja kwa moja badala ya mabunge ya majimbo. Mwaka 1920 wanawake walihakikishiwa haki ya kupiga kura nchi nzima.

Makala haya hayakusudii kuyajadili mageuzi hayo yote. Yanachunguza chombo kimoja tu, yaani uchaguzi wa mchujo, ambao ni utaratibu wa wapiga kura wenyewe kumteua mgombea wa chama. Utaratibu unaofanana na huo hujulikana Tanzania kama kura za maoni na Kenya kama kura za mchujo. Hoja kuu ni kwamba chombo hicho hicho kilichotumika kuwapokonya vigogo mamlaka huko Wisconsin kilitumika pia kuwafungia nje Wamarekani Weusi katika majimbo ya Kusini. Kwa hiyo, thamani ya mageuzi ya uchaguzi haiwezi kupimwa kwa kuangalia utaratibu pekee; ni lazima kwanza kuuliza nani amehesabiwa kuwa mpiga kura.

Uteuzi wa wagombea kabla ya mchujo

Katika karne ya 19, wagombea wengi wa Marekani waliteuliwa na mikutano ya vyama. Wanachama wa mtaa walikutana na kuwachagua wajumbe. Wajumbe hao walikwenda kwenye mkutano wa wilaya au wa jimbo, na huko ndiko jina la mgombea lilikopitishwa. Kwa nadharia, sauti ya mwanachama wa kawaida ilipanda ngazi hizo hadi juu. Kwa vitendo, ilipotea njiani. Mikutano ya mtaa ilihudhuriwa na watu wachache, na wajumbe waliweza kuahidiwa vyeo, kandarasi au fedha. Siku ya uchaguzi ilipofika, mwananchi alikuwa huru kuchagua, lakini alichagua miongoni mwa watu waliokwisha kuchaguliwa na wengine.

Wisconsin: mchujo dhidi ya vigogo

Robert M. La Follette, wa chama cha Republican, aliijua hali hiyo kwa kuionja mwenyewe. Alitafuta uteuzi wa kuwania ugavana wa Wisconsin mwaka 1896 na tena mwaka 1898, na mara zote mbili akashindwa katika mkutano wa chama, ambako viongozi waliokuwa karibu na kampuni za reli na za mbao walikuwa na nguvu. Baada ya kuchaguliwa kuwa gavana mwaka 1900, aliufanya uchaguzi wa mchujo kuwa miongoni mwa madai yake ya kwanza. Bunge la jimbo lilipitisha sheria hiyo mwaka 1903 kwa sharti kwamba wananchi waiidhinishe, nao wakaiidhinisha katika kura ya mwaka 1904.

Msingi wa hoja ya La Follette ulikuwa rahisi. Ikiwa kampuni ya reli inaweza kuwashawishi wajumbe mia kadhaa waliokusanyika ukumbini, itaona vigumu zaidi kuwashawishi maelfu ya wapiga kura waliotawanyika jimbo zima. Ushahidi kwamba sheria hiyo haikuwa chambo cha kumpandisha mtu mmoja ulionekana mapema. Katika mchujo wa mwaka 1906, mgombea wa ugavana aliyeungwa mkono na La Follette, Irvine Lenroot, alishindwa na James O. Davidson. Mwasisi wa utaratibu hakuweza kuuamrisha. Katika miaka iliyofuata, majimbo mengi ya Marekani yaliiga mfano huo.

Kusini: mlango uliofungwa kwanza

Ili kuuelewa mchujo wa Kusini, sharti kurejea nyuma kidogo. Marekebisho ya 15 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1870, yalikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake. Kwa kuwa hayakuweza kukiukwa waziwazi, majimbo ya Kusini yalitafuta njia za pembeni. Mississippi ilitunga katiba mpya mwaka 1890, Louisiana mwaka 1898 na Alabama mwaka 1901. Katiba hizo hazikutaja rangi katika masharti ya kupiga kura. Zilitaja kodi ya kura, uwezo wa kusoma, na kipimo cha kuielewa katiba ambacho hakimu wake alikuwa msajili Mzungu. Katika Louisiana, idadi ya wapiga kura Weusi walioandikishwa ilishuka kutoka 130,334 mwaka 1896 hadi 1,342 mwaka 1904. Wazungu wengi maskini walipoteza kura pia, hasa kwa sababu ya kodi hiyo.

Jambo linalohitaji kutiliwa mkazo ni kwamba hatua hizo zilitetewa kwa lugha ya mageuzi. Watetezi wake walidai kuwa kura za Weusi zilinunuliwa au kuibwa na wanasiasa, na kwamba kuwaondoa Weusi katika daftari kungeutakasa uchaguzi. Aliyeibiwa ndiye aliyeadhibiwa kwa kosa la mwizi.

Baada ya daftari kupunguzwa, ndipo mchujo ulipoletwa. Mississippi ilipitisha sheria yake mwaka 1902, na mchujo wa mwaka 1903 ukamwezesha James K. Vardaman kupata uteuzi wa chama cha Democratic na hatimaye ugavana. Vardaman alijinadi kuwa mtetezi wa wakulima Wazungu dhidi ya kampuni kubwa. Wakati huohuo alipinga hadharani elimu ya Weusi. Kwa mtazamo wa wafuasi wake, hapakuwa na mgongano kati ya mambo hayo mawili.

Texas na swali la hali ya chama

Katika majimbo ya Kusini, chama cha Democratic kilishinda karibu kila uchaguzi. Hivyo mshindi wa mchujo wa chama hicho alikuwa, kwa vitendo, ameshapata kiti. Aliyezuiwa kupiga kura katika mchujo alibaki na haki ya kuthibitisha uamuzi wa wengine.

Mwaka 1923 Bunge la Texas lilitunga sheria iliyowakataza Weusi waziwazi kushiriki mchujo wa Democratic. Daktari Lawrence Nixon wa El Paso alikwenda mahakamani, na mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha sheria hiyo. Texas ikaiachia kamati kuu ya chama mamlaka ya kuamua nani apige kura. Nixon alishtaki tena, akashinda mwaka 1932. Ndipo mkutano mkuu wa chama ukapitisha zuio hilo wenyewe, bila kuitegemea sheria ya Bunge. Mwaka 1935, katika kesi ya Grovey dhidi ya Townsend, Mahakama ilikubali hila hiyo kwa kauli moja. Ilieleza kuwa chama ni jumuiya ya hiari, na Katiba huizuia serikali, haiwazuii watu binafsi.

Msimamo huo ulianza kulegea mwaka 1941, Mahakama ilipoamua katika kesi iliyotoka Louisiana kwamba mchujo unaweza kuwa sehemu ya uchaguzi wenyewe. Tarehe 3 Aprili 1944, katika kesi ya Smith dhidi ya Allwright, iliyoletwa na daktari wa meno wa Houston na kutetewa na mawakili akiwemo Thurgood Marshall, majaji wanane dhidi ya mmoja waliitengua hukumu ya 1935. Walieleza kwamba sheria za jimbo zinapouratibu mchujo na kuufanya kuwa njia ya kuwapata wagombea, chama kinatekeleza kazi ya dola, nacho hakiwezi kujificha nyuma ya pazia la ubinafsi.

Hukumu hiyo haikumaliza safari. Kodi ya kura, vipimo vya kusoma na vitisho viliendelea, na ulinzi madhubuti ulipatikana kwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965.

Hitimisho

Mifano ya Wisconsin, Mississippi na Texas inaonesha kwamba mchujo haukuwa mwema wala mwovu kwa asili yake. Ulihamisha mamlaka kutoka kwa wajumbe wachache kwenda kwa wapiga kura. Pale ambapo wapiga kura walikuwa umma mpana, uliupanua utawala wa wananchi, na pale ambapo daftari lilikuwa limekwisha kufinywa, uliupa ubaguzi uhalali wa kura za wengi. Aidha, kesi za Texas zinatukumbusha kwamba uteuzi wa mgombea hauwezi kuachwa kama jambo la ndani la chama iwapo matokeo yake ndiyo yanayoamua nani atatawala. Mtafiti anayechunguza mageuzi ya uchaguzi, mahali popote, hana budi kuanza na daftari la wapiga kura kabla ya kulifikia sanduku la kura.