Kinyago, barakoa na jando: Tusichanganye maneno wala malezi

Msomaji wa safu hii anayeishi Ruiru ameniletea swali zuri. Katika kitabu cha sanaa cha mwanawe mna picha ya uso wa mbao wa Wasenufo, na chini yake pameandikwa 'barakoa'. Anauliza: Je, neno hilo ni sahihi? Na sisi huku Kiambu tuliwahi kuwa na kitu kama hicho, au ni mambo ya Afrika Magharibi tu?

Tuanze na picha yenyewe. Wasenufo wanaishi kaskazini mwa Cote d'Ivoire na katika sehemu za Mali na Burkina Faso. Vijana wao wa kiume huingia katika chama kiitwacho Poro, wakafunzwa katika msitu mtakatifu ulio kando ya kijiji. Mafunzo yana ngazi tatu, na kwa desturi kila ngazi huchukua takriban miaka saba. Uso ule mdogo wa mbao, kpelie, una sura ya mwanamke mrembo lakini huvaliwa na mwanamume, hasa anapocheza kwenye mazishi. Si pambo la ukutani hata kidogo.

Barakoa ni neno lenye asili ya Kiarabu. Zanzibar na Oman lilihusu vazi ambalo mwanamke alijifunika uso huku macho yakionekana. Korona ilipotufikia mwaka wa 2020, redio zililichukua neno hilo na hadi makanga wa Thika Road wakalizoea: "Vaa barakoa, mzee!" Kazi ya barakoa basi ni kuziba na kusitiri.

Kinyago ni jambo jingine. Neno hili lina mzizi mmoja na unyago, yaani mafunzo ya wasichana wanaovunja ungo; kilichobadilika ni kiambishi cha ngeli tu. Uhusiano huo si wa sarufi peke yake. Miongoni mwa Wazigua na Washambaa wa Tanzania, walimu wa jandoni na unyagoni walitumia vinyago vya udongo kufundishia. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na fumbo lake, na mwari alitakiwa kulifumbua. Kinyago chao kilikuwa kitabu chao. Wamakonde nao, ambao serikali ya Kenya iliwatambua kuwa kabila la 43 baada ya matembezi yao kutoka Kwale hadi Nairobi mnamo 2016, wana vinyago vya kuvaliwa kichwani viitwavyo mapiko. Hivi huchezwa vijana wanapotoka jandoni. Kwa hivyo, msomaji wangu, uso wa Wasenufo uite kinyago. Barakoa huficha, kinyago hufunza.

Na Kiambu je? Wakikuyu hawakuwa na desturi ya kuvaa vinyago, lakini walikuwa na ndome. Hii ilikuwa ngao nyepesi ya mbao ambayo mvulana aliyekaribia kutahiriwa aliivaa kwenye mkono wa juu wakati wa ngoma za kabla ya irua. Ilipakwa michoro ya rangi, na michoro hiyo ndiyo iliyotambulisha kundi lake. Leo anayetaka kuiona huenda akaipata British Museum kule London kabla ya kuipata sokoni Thika.

Ndome imepotea, lakini neno moja la irua limesalia vinywani mwetu: riika, ambalo ni ndugu wa damu wa neno rika la Kiswahili. Waliotahiriwa pamoja walipewa jina la tukio la wakati wao, na jina hilo likawa kalenda. Rika la Mutung'u lilikumbusha ndui, Ndutu likakumbusha funza. Anake a Forty walikuwa vijana wa mwaka wa 1940, na wengine wao walikuja kuchochea harakati za kumtimua mkoloni. Mzee akikutajia rika lake, amekutajia historia.

Hapa ndipo maneno yanapogusa malezi. Mimi hufundisha Kiswahili Thika, na kila likizo ya Novemba inapokaribia nasikia wazazi wakisema, "Huyu wangu anaenda jando." Ukiuliza zaidi, utaambiwa kijana atapelekwa hospitali asubuhi, arudi nyumbani jioni. Hiyo si jando. Hiyo ni tohara. Tohara, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu usafi, ni kile kitendo cha kukata. Jando ni shule nzima: kuna kumbi la kukaa, kuna ngariba wa kutahiri, kuna nyakanga na kungwi wa kufunza. Kwa Wakikuyu kuna mutiri, mtu mzima anayemshika kijana mkono tangu siku ya kisu na kuendelea kuwa mlezi wake.

Hospitali imechukua nafasi ya ngariba, na ni vizuri, kwa sababu wembe wa kushirikiana una hatari zake. Lakini nani amechukua nafasi ya nyakanga? Nyumba nyingi huacha kazi hiyo kwa vijana waliotahiriwa mwaka juzi. Wazazi wamenisimulia jinsi baadhi yao walivyodai pesa, wakaleta pombe, wakampiga mtoto eti wanamfanya mwanamume. Huyo si kungwi, ni mnyanyasaji, tumwite hivyo.

Vivyo hivyo tuache kusema 'tohara ya wasichana'. Huo ni ukeketaji, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeupiga marufuku. Wala si kweli kwamba msichana hawezi kufundwa bila kukatwa: unyago wa Wazaramo ni mafunzo bila kisu.

Desemba itafika. Ukimpeleka mwanao hospitali, sema umempeleka kutahiriwa. Ukitaka kusema yuko jandoni, kwanza umtafutie nyakanga: mjomba, mwalimu au mzee wa kanisani, mtu mzima mwenye staha na muda wa kukaa naye. Waliosema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu walijua kwamba ulimwengu ni mwalimu asiye na huruma.