Chupa tatu na korongo la shule yetu

Mwalimu mwenzangu kaniuliza napataje muda wa "michezo" kwenye somo la mmomonyoko wa udongo, tena darasa la sita lenye watoto 74. Haya, nieleze.

Vifaa ni vya kuokota. Chupa tatu za maji, za lita moja na nusu, zikate ubavuni na uzilaze zikiinamia upande wa mdomo. Zote zijaze udongo uleule. Ya kwanza iache tupu, ya pili funika kwa majani makavu, ya tatu pandikiza nyasi (wiki mbili kabla, zishike! Mwaka wa kwanza sikujua hilo, nikaaibika). Kinga kikombe kila mdomo, kisha mwagia kila chupa maji kiasi kilekile kwa kopo lililotobolewa.

Kabla ya kumwaga, watoto waandike wanachotarajia. Usiruke hapo, maana wengi wangu waliwaza wingi wa maji tu, rangi hawakuifikiria. Basi chupa tupu ikatoa kitu kama chai ya maziwa, ile ya nyasi karibu maji safi. Tone likipiga udongo mtupu linapasua chembe, vitundu vinaziba, maji yanakosa pa kuzama na yanakimbia na udongo. Majani yanapokea kile kipigo, mizizi inashika.

Sisi tuko Kondoa, picha za kitabuni za nini? Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Nyasi na miti vikarudi. Nikawatuma wakawaulize babu zao.

Kesho yake mtoto mmoja akasimama: "Mwalimu, babu anasema bonde lilipona, ila nyumbani walisahau maziwa."

Darasa kimya. Jamani, kwao bado wanafuga, na ng'ombe wao hupita nyuma ya shule, pembeni ya korongo letu. Tunalipima kwa hatua: kabla ya mvua zilikuwa 12 kufika vyoo vya wasichana, sasa ni 9.

Nilipanga tupande mabingobingo ukingoni. Yule yule akacheka, eti ng'ombe watayamaliza kwa siku moja, tupande mkonge, hawaugusi. Jumamosi baba yake analeta miche.