Bomba la Majitaka Linapopasuka Chini ya Ua

Sinki moja likiziba, kosa huwa la jikoni: mafuta na mabaki ya wali. Lakini maji ya kufulia yakimwagwa bafuni na choo kikaanza kububujika, tatizo liko kwenye bomba kubwa la nje.

Dar es Salaam, ambako nyumba nyingi humwaga majitaka kwenye shimo la uani, majani nayo husema bomba linapovuja. Kipande kimoja hunawiri katikati ya kiangazi, na mwenye nyumba hufurahia, hadi harufu imfikie. Mara nyingi mizizi ya mti imepenya kwenye kiungo cha bomba.

Fundi mzuri haanzi kwa kuchimba. Hufunua chemba ya kukagulia bomba, maji yakamwagwa chooni, akatazama. Chemba ikibaki kavu huku choo kimejaa, bomba limeziba kati yake na choo. Ikifurika, kasoro iko mbele, au shimo limejaa.