Tembea Uone: Faida za Safari ya Miguu

Wahenga hawakukosea waliponena, "Tembea uone." Mpenzi msomaji, angalia vizuri: hawakusema "Panda matatu uone." Siku hizi ukitoka Nyeri kwenda Karatina, unaketi, makanga anadai nauli, muziki unavuma, na kabla hujajua jirani yako anaitwa nani, umefika. Sawa, umefika, lakini umeona nini njiani? Katika makala haya nakusudia kueleza faida za kusafiri polepole kwa miguu hapa kwetu mlimani. Nitatumia yale ambayo mimi na rafiki yangu tumejionea katika matembezi yetu ya Jumamosi wakati wa likizo.

Kwanza kabisa, miguu hufundisha jiografia. Mtu mwenye afya hutembea kilomita 4 au 5 kwa saa. Kwa mwendo huo, akitoka mjini Nyeri kuelekea milima ya Nyandarua, ataona mashamba ya kahawa yakipungua na ya chai yakianza. Hapo hahitaji kuambiwa kwamba amepanda juu, kwa maana chai hupenda baridi na mvua nyingi kuliko kahawa. Juu ya chai kuna msitu, juu ya msitu mianzi, kisha nyika ya baridi. Mwalimu alituchorea mambo haya ubaoni tukayasahau. Magoti yetu yalipoyasoma, hatukuyasahau tena.

Aidha, kuna mito. Simama darajani kwenye mto Chania au Gura, uguse maji yake, baridi ya kukata vidole! Maji hayo huteremka hadi yakaingia mto Tana, nao Tana huzungusha mitambo ya umeme pale Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Basi taa tunayosomea jioni ina deni kwa msitu wa Nyandarua na wa Mlima Kenya. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe hapa Nyeri mwaka wa 1940, alilifahamu jambo hili tangu utotoni. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mgumo uliokuwa karibu na chemchemi, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye alikuta mgumo umekatwa na chemchemi imekauka. Mwaka wa 1977 alianzisha harakati za Green Belt za kupanda miti, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mtu apitaye mbio hawezi kujua kwamba kijito fulani kimekauka. Atajuaje, ikiwa hakukijua kilipokuwa na maji?

Pili, miguu hufundisha historia. Wangapi kati yetu hupita mjini kila muhula bila kulizuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki hapa Nyeri mwaka wa 1941? Juu ya jiwe lake pamechorwa duara lenye nukta katikati. Hiyo ni alama ya njiani ya maskauti, na maana yake ni "nimekwenda nyumbani." Kule Mathari nako kuna kanisa la kumbukumbu ya Waitaliano waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao wakiwa wafungwa wa vita.

Kuhusu wafungwa hao kuna kisa ambacho sichoki kukisimulia. Mnamo Januari 1943, Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa ya Nanyuki. Mnadhani walikwenda wapi? Walikwenda kupanda Mlima Kenya! Barsotti aliugua, ikabidi abaki kwenye kambi yao ya chini. Wale wawili walijaribu Batian, kilele cha mita 5,199, wakashindwa, lakini wakafika Lenana, mita 4,985. Kisha wakarudi kwa mwenzao, na wote watatu wakajirudisha wenyewe gerezani. Ati mtu atoroke ili arudi! Nadhani walichotaka ni kukumbuka kwamba bado wao ni watu.

Tatu, safari ya miguu ni rafiki wa imani. Wazee wetu wa Kikuyu walisali wakiuelekea mlima Kirinyaga. Waislamu wakiwa katika Hija huenda mara saba kati ya Safa na Marwa. Na hapa kwetu alikuwako Sista Irene Stefani wa Consolata, aliyehudumu Gikondi kuanzia mwaka wa 1920. Alitembea nyumba hadi nyumba, kilima hadi kilima, akiwauguza wagonjwa, hata watu wakamwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Alifariki mwaka wa 1930 kwa tauni aliyoipata akimhudumia mgonjwa, na mwaka wa 2015 alitangazwa Mwenyeheri papa hapa Nyeri. Huruma yake ilifika mlangoni kwa sababu miguu yake ilifika mlangoni.

Mimi ni Mkatoliki, na rafiki yangu ni Mwislamu wa Majengo. Adhuhuri ikifika tukiwa njiani, yeye hutawadha kijitoni na kusali kivulini, nami hulinda mikoba nikisema sala zangu kimyakimya. Hatujawahi kubishana dini ya nani ni bora. Kilima kikiwa mbele yenu, mnahitajiana.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, safari ya miguu hufungua vinywa. Tuliketi dawati moja miaka miwili, tukicheka na kunakiliana mazoezi, nami nikidhani namjua. Siku moja, tukiteremka kutoka Kilima cha Nyeri, akaniambia bila kunitazama, "Ndugu yangu, muhula ujao huenda nisirudi. Baba hana kazi tena." Darasani asingeyasema hayo, maana huko watu hutazamana usoni. Njiani nyote mnatazama mbele, na neno zito hupata mahali pa kupita. Tulitembea kilomita nzima kimya. Kisha nikamwomba ruhusa nimweleze mwalimu mmoja, akakubali. Fomu za basari zikajazwa kwa wakati, na leo tungali naye darasani. Kama tungepanda matatu siku ile, sijui.

Wenzangu, mkitaka kujaribu, zingatieni haya. Agani nyumbani. Msiende peke yenu. Nendeni wawili, watatu au zaidi. Ondokeni mapema, mkibeba maji, chakula na sweta, hasa majira ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Msiingie msituni bila ruhusa na mtu anayeujua, maana ndovu na nyati si wa mchezo. Wasalimuni wazee mnaokutana nao. Mara nyingi salamu moja huzaa hadithi nzima.

Wapo watakaosema kutembea ni dalili ya umaskini. La hasha! Maskini ni yule aliyezaliwa chini ya mlima na asiujue hata mto mmoja kwa jina, wala shida ya anayeketi naye. Haraka haraka haina baraka. Jumamosi ijayo, kabla ya kuisimamisha matatu, muulize mwenzako: "Tutembee?"