Manusura Huombwa Machozi, Haombwi Ushahidi

Yanapotokea maafa katika nchi yetu, ukurasa wa kwanza wa gazeti huweza kukisiwa kabla haujachapwa. Kiongozi amesimama mbele ya kifusi akitoa pole. Vijana wa kiume wameshika sepetu. Pembeni ameketi mwanamke, kanga imemteleza kichwani, mikono iko usoni. Maelezo ya picha husema kwamba huyo ni mmoja wa manusura, na mara nyingi habari zake huishia hapo.

Sisi wa Zirai, katika milima hii ya Usambara, hatuwezi kuliona jambo hilo kuwa la wengine. Sisi ni watu wa miteremko. Nyumba zetu zimekaa juu ya udongo ambao mvua za masika huulainisha kila mwaka. Ndugu zetu wa Lushoto wanajua jinsi barabara ya kupanda kutoka Mombo hadi Soni inavyozibwa na mawe na udongo mvua zinapozidi. Na jirani zetu wa Upare, mwezi Novemba 2009, walipoteza watu zaidi ya 20 ardhi ilipoporomoka huko Mamba Miamba, wilayani Same. Tunapouliza mwanamke aliyenusurika huonyeshwaje, tunauliza habari za dada zetu na binti zetu kabla hayajawafika, Mola atuepushe.

Kisa cha Bahia Bakari kinastahili kusimuliwa kwa utulivu. Ni binti wa Kikomoro aliyekulia Ufaransa. Tarehe 30 Juni 2009 alikuwa pamoja na mama yake katika ndege ya shirika la Yemenia iliyotoka Sanaa kwenda Moroni, ikaanguka baharini usiku karibu na Ngazija. Walikuwamo watu 153, wakafariki 152. Bahia, ambaye hata kuogelea hakukujua vizuri, alishikilia kipande cha mabaki ya ndege kwa saa nyingi hadi alipookolewa na chombo kilichokuwa kikitafuta watu. Papo hapo ulimwengu ukampa jina: msichana wa muujiza. Taarifa za mwanzo zilieleza kwamba ana miaka 14. Alikuwa na miaka 12.

Hatuna ugomvi na neno muujiza. Muislamu hana shaka kwamba uhai na mauti viko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini katika magazeti neno hilo lina tabia ya kufunga mazungumzo, kwani anayeitwa muujiza hutazamwa tu, haulizwi. Na maswali yalikuwapo. Waziri wa uchukuzi wa Ufaransa alitangaza kwamba ndege ile, aina ya Airbus A310, ilikuwa imepigwa marufuku nchini mwake tangu 2007 baada ya wakaguzi kuikuta na kasoro. Abiria waliotoka Ufaransa walihamishiwa humo Sanaa. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulielekeza lawama kwa marubani. Jamaa za marehemu walidai haki kwa miaka mingi, huku picha ya mtoto yule ikiendelea kuzunguka dunia.

Mei 2022 Bahia alisimama mbele ya mahakama jijini Paris. Alikuwa mwanamke wa miaka 25, na safari hii aliitwa kueleza: aliyoyaona na kuyahisi ndani ya ndege, aliyoyasikia baharini gizani, na jinsi alivyokuja kujua hospitalini kwamba mama yake hayupo tena. Septemba mwaka huo mahakama iliitia Yemenia hatiani kwa kosa la kusababisha vifo bila kukusudia, ikaitoza faini ya euro 225,000. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 13.

Turudi nyumbani. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa, matope, mawe na magogo yakateremka hadi mji wa Katesh na vijiji jirani, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walifariki. Wataalamu wa ardhi hutaja dalili ambazo huweza kutangulia maporomoko: nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyobadilika rangi, kijito kilichopungua ghafla ilhali mvua inanyesha. Nani huziona dalili hizo kwanza? Huku kwetu anayefika chemchemi alfajiri ni mwanamke au binti mwenye ndoo. Akinusurika, kisha akaulizwa tu anajisikiaje, kijiji cha pili hakitajua alichokiona.

Yako mengine anayoweza kuyaeleza yeye na asiweze mwingine. Katika darasa la shule lililogeuzwa makazi ya muda, wanawake wanajistiri wapi? Choo kiko mbali kiasi gani usiku, na taa ipo? Msaada unapogawiwa kwa jina la mkuu wa kaya, mjane aliyezika mkuu wa kaya anaandikishwa vipi? Majibu ya maswali haya ni habari kamili, wala hayahitaji picha ya mtu analia. Uchunguzi wa kimataifa wa vyombo vya habari, ule unaorudiwa kila baada ya miaka mitano, ulikuta mwaka 1995 kwamba katika kila watu 100 wanaotajwa au kuhojiwa kwenye habari, wanawake walikuwa 17. Mwaka 2020 walikuwa 25. Robo karne, watu wanane.

Kisha liko suala la stara. Mwanamke aliyefiwa na mume katika maafa huingia eda siku hiyo hiyo, miezi minne na siku kumi, naye huenda hana hata chumba cha kukalia eda hiyo. Kamera humkuta katika hali ambayo nyumba yake ingemficha, lau ingekuwapo. Picha ikishaingia kwenye simu za watu haina tena wa kuirudisha. Kwa binti yatima hatari ni kubwa zaidi: uso wake, jina lake, shule yake na kijiji chake vikichapwa pamoja, kila mwenye nia njema na kila mwenye nia mbaya ameelekezwa njia ya kumfikia. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini mwanamke aliyetoka kwenye tope hana nafasi ya kutaja ibara. Anayepaswa kukumbuka ni aliyeshika kamera.

Kumwomba ridhaa hakuchukui dakika mbili. Aulizwe kwa lugha anayoielewa, mbele ya shangazi au mama mkubwa kama ni binti, na aambiwe picha itatokea wapi. Akikubali kupigwa kwa mgongo, apigwe kwa mgongo. Akikataa picha na akakubali kusema, mwandishi akunjue daftari, aanze na chemchemi: maji yalikuwa na rangi gani asubuhi ile?